Jengo la mtaa lisigeuke ukuta mwingine

SWALI: Mtaa wetu umebanwa kati ya reli na mfereji mkubwa. Tumepata kiwanja cha mita 30 kwa 40, tunataka ofisi ya serikali ya mtaa, ukumbi na chumba cha kusomea. Kwenye mkutano wengi wametaka kizungushiwe ukuta wenye geti moja, kwa ajili ya usalama. Mnashauri nini? – Msomaji, Vingunguti

JIBU: Reli imewakata, mfereji umewakata, ukuta huo utawakata mara ya tatu. Anzeni na njia, jengo lifuate. Kabla ya kumwita mchoraji, wekeni vijana wanne kwenye pembe za kiwanja, siku moja ya kazi na Jumamosi moja, saa 12 hadi saa 2 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Wahesabu wanaokatiza na kuchora vijia wanavyofuata. Kijia kinachopitwa na watu wengi zaidi kiachwe kipite katikati ya jengo, upana mita 4, mkokoteni upishane na mama mwenye ndoo kichwani bila kubanana. Kinyooke, ili anayeingia upande huu aone mwanga wa upande ule. Penye kona asiyoona mbele, mtu hapiti usiku.

Kando ya njia hiyo wekeni vyumba vyenye watu: ofisi, chumba cha kusomea, banda la mama lishe, madirisha yote yakiitazama. Kosa la kawaida ni kupanga stoo na migongo ya vyoo hapo ili mabomba yawe mafupi. Haipiti miezi mingi, ukuta ule mtupu unakuwa mahali pa kujisaidia. Mlango wa choo uonekane kutoka mezani kwa mtendaji.

Usalama tunauchukulia kwa uzito, lakini kinachofungwa usiku kiwe vyumba, si kiwanja. Kila chumba kiwe na mlango wa nondo. Chini ya kuta jengeni baraza la kimo cha sentimita 45 na upana wa sentimita 50, paa litokeze mita 1.5 juu yake. Wazee wanaocheza bao hapo hadi usiku wanalinda kuliko ukuta wa mita 2.

Kwa sakafu, waulizeni wakazi wa zamani maji ya masika yalifika wapi ukutani, kisha ipandisheni sentimita 30 juu ya alama hiyo. Sakafu ikiwa sentimita 45 juu ya ardhi, njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu inahitaji urefu wa mita 5.4, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, pamoja na sehemu tambarare ya mita 1.5 juu na chini. Mafundi huifupisha hadi mita 2 kuokoa zege, na mwenye kiti anashindwa kupanda bila kusukumwa.

Mambo mawili msiyaruke. Kama huo mfereji ni mkono wa Mto Msimbazi, pimeni mita 60 kutoka ukingoni kwanza, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda. Kisha ombeni kibali cha ujenzi halmashauri. La pili, jengo halivushi mtu reli. Njia yenu ielekee kwenye kivuko rasmi, vinginevyo mtakuwa mnawapeleka watoto relini.

SWALI: Ukumbi wetu wa bati unachoma kama tanuri. Tufanyeje bila feni? – Msomaji, Keko

JIBU: Litazameni Soko la Kariakoo alilobuni Beda Amuli, lililofunguliwa 1975: paa kubwa limeinuliwa juu ya nguzo zenye umbo la faneli, hewa inapita chini yake, na faneli hizohizo zinapokea mvua. Kwenu, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zote mbili ziwe na matofali ya matundu ili kaskazi na kusi zipenye. Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha kubwa. Maji nayo ni mali: paa la mita za mraba 200 kwenye mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 1,600 baada ya upotevu. Lita 200 za kwanza zimwageni, zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

SWALI: Je, ni kweli maktaba zilibadilisha vitongoji vya Medellín? – Msomaji, Tandale

JIBU: Hazikufanya kazi peke yake. Kule Santo Domingo, kitongoji cha jiji la Medellín nchini Kolombia, gari la kamba la kupandisha watu mlimani lilianza 2004; maktaba ya Biblioteca España ikafuata 2007. Baadaye kuta zake za nje zikaharibika, ikafungwa kwa matengenezo. Kwa hiyo kwenye bajeti yenu andikeni fungu la matengenezo tangu mwanzo, na gata, yaani mifereji ya maji ya paa, zisafishwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli.