Maswali na majibu: Kigelegele si kiti

"Wanawake wana mchango gani katika kuleta amani?" (Wasomaji kadhaa, Mtwara na Lindi)

Swali hili limeletwa mara nyingi mno. Julai 2000 wanawake wa Burundi walikutana hapahapa nchini, Arusha, wakapeleka mapendekezo yao kwenye mazungumzo ya amani ya nchi yao, na mengi yakaingia katika mkataba uliosainiwa Agosti 28 mwaka huo. Mwaka 2003 wanawake wa Liberia, Waislamu kwa Wakristo, waliketi mlangoni mwa ukumbi wa mazungumzo kule Accra wakawazuia wajumbe kutoka. Mchango unajulikana. Ulizeni nani anawanyima kiti.

"Nimesikia wanawake wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliokuwa kambini hapa walikuwa wapishi tu. Ni kweli?" (Mwanafunzi, Nachingwea)

Si kweli, na wewe wa Nachingwea ndiye wa kumsahihisha anayesema hivyo. Tangu 1967 kikosi chao, Destacamento Feminino, kilifunzwa silaha hapo kwenu. Walibeba risasi kwa miguu, wakahamasisha vijiji, wakalea watoto wa vita. Josina Machel, mmoja wao, alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Hata hivyo, mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, uliomaliza vita vya baadaye, ulisainiwa na wakuu wawili, Rais Chissano na Dhlakama wa waasi wa RENAMO. Waliobeba mizigo ya vita husahaulika kalamu ikitoka.

"Azimio namba 1325 la Umoja wa Mataifa, la wanawake na amani, litatusaidiaje kijijini?" (Masasi)

Kidogo. Shikeni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ndiyo itakayowapa viti kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji.

"Jirani alikimbia mashambulizi ya mpakani mwaka 2020. Amerudi, mikorosho yake inahudumiwa na mwingine. Kikundi chetu cha akina mama kifanyeje?" (Mtwara Vijijini)

Msianze na mkutano wa hadhara. Mtu akishatamka "sitoki" mbele ya kijiji kizima, kurudi nyuma ni aibu. Akina mama wawili waende kwa kila upande, siku tofauti, wasikilize tu. Kisha mtafuteni bibi anayekumbuka nani alipanda mkorosho upi. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo hufuata mama, na kumbukumbu za mashamba ziko kwa mabibi. Nendeni naye shambani asubuhi, apite mti kwa mti, mmoja wenu aandike.

Hapo ndipo mwende Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, watatu wanawake, na kikao halali kinataka wanne, wawili wao wanawake. Mkikuta wanaume watupu, ombeni kiahirishwe. Na mkiambiwa mkapike chai kwanza, kataeni. Uamuzi hufanyika mkiwa jikoni.

Suluhu nyingi huvunjika kwenye gharama. Aliyebaki amepalilia na kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, misimu kadhaa. Msipoandika atalipwa nini, ugomvi utafufuka korosho zikianza kudondoka. Daftari la chama cha msingi huonyesha nani aliuza korosho. Si ushahidi wa nani mwenye shamba. Malizeni kabla ya msimu wa salfa, Mei au Juni. Baraza hili kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana, nendeni Baraza la Kata.

"Binti alibakwa wakati watu wakikimbia. Wazee wanataka mhusika alipe fidia, yaishe kwa amani." (Mama, Newala)

Hiyo si amani, mama, na hakuna mzee mwenye mamlaka ya kulimaliza. Ubakaji ni jinai. Ingekuwa jana, ningesema asioge, kanga aliyovaa iwekwe kwenye mfuko wa karatasi maana plastiki huozesha ushahidi, na afike hospitali ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU. Wengine wayashike hayo. Kwa binti yako saa hizo zimepita, lakini apimwe VVU, magonjwa ya zinaa na mimba, apate mshauri, na mfungue jalada Dawati la Jinsia na Watoto polisi, mchukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mama, nenda naye wewe mwenyewe. Akiwa chini ya miaka 18, piga 116, ni bure.