Laptopu Inachemka Kila Nikicheza Gemu, Ndo Grafiki Imekufa?

SWALI: Fundi mambo vipi, naomba msaada kabla sijaipigiza hii mashine ukutani. Nina laptopu ya gemu yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, ile inayochora picha, ina kama miaka mitatu, zamani ilikuwa inapiga kazi freshi tu ila siku hizi nikiwasha gemu dakika kumi za kwanza iko poa, baada ya hapo picha zinaanza kukwamakwama, feni zinalia utadhani ndege inapaa na pale juu ya kibodi huwezi kuweka kidole. Juzi ikajizima kabisa katikati ya mechi. Nimenunua ile stendi yenye feni kwa chini, wapi. Nimefuta draiva, ile programu inayoiendesha kadi, nikaweka mpya, wapi. Fundi mmoja kaiangalia kwa macho tu akasema grafiki imekufa, nibadilishe bodi nzima. Na kuna mshkaji wangu anasema eti niitoe bodi niioke kwenye oveni inapona. Kweli?
Msomaji anayeungua vidole

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Oveni iache kwanza, nitairudia. Na huyo fundi wa macho muache vilevile, maana kadi iliyokufa haiwi nzima dakika kumi halafu ikafa, kesho ikafufuka tena kwa dakika kumi. Grafiki iliyokufa utaiona inaleta mistari na vidoti vya rangi kwenye skrini, au skrini haiwaki kabisa, au draiva haiioni kadi hata ufanyeje. Ya kwako inafanya kazi, kinachoishinda ni kutoa joto nje. Zile dakika kumi ni muda wa mabomba ya shaba yanayobeba joto na mapezi yake kujaa joto, yakishajaa kadi inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na hapo ndo unaona gemu linakwama.

Sasa usinunue kitu kingine chochote kabla hujapima. Kwenye Windows 10 iliyosasishwa na Windows 11 ukifungua Task Manager sehemu ya Performance utaona joto la kadi, lakini mimi napenda programu ya HWiNFO, ni ya bure na inakuonyesha mpaka joto la prosesa, yaani ubongo wa mashine, na kwenye mashine nyingi kasi ya feni pia. Iwashe, cheza gemu kama dakika ishirini, rudi usome safu ya kiwango cha juu kabisa. Kadi ya laptopu ikiwa na mzigo kukaa nyuzi 70 hadi 85 ni maisha yake ya kawaida, usipaniki. Nyingi za NVIDIA zikigusa kama 87 ndo zinaanza kujibana. Prosesa yenyewe inavumilia zaidi, nyingi zinafika 95 hadi 100 ndo zinajibana.

Na usiangalie kadi peke yake, kwa sababu kwenye laptopu nyingi prosesa na grafiki zinatumia mabomba yaleyale ya shaba, kwa hiyo prosesa ikichemka inampasha na jirani yake na wewe unabaki unamlaumu jirani. Na kama mashine inajizima wakati kadi iko 75 na prosesa iko 80 tu, hapo tatizo sio joto tena, kaangalie chaja kama wati zake zinatosha, na betri.

Kuna mstari mwingine kwenye HWiNFO umeandikwa GPU Hot Spot, kama mashine yako inauonyesha usome. Ile ni sehemu yenye moto kuliko zote kwenye chipu. Ikizidi joto la kawaida la kadi kwa nyuzi 10 au 15 hakuna shida, ikizidi kwa 25 au 30 jua pesti, ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya chipu na chuma, imekauka au kile chuma cha kupozea hakijakaa vizuri juu ya chipu.

Ila kwa mashine ya miaka mitatu ambayo haijawahi kufunguliwa mimi naanza na vumbi, na hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Wanafungua, wanafuta mapanga ya feni mpaka yanang'aa, wanafunga, joto lilelile. Vumbi baya halikai kwenye feni, linakaa katikati ya feni na yale mapezi ya kutolea hewa, linajishona pale kama kipande cha blanketi na feni hata ipige kelele vipi hewa haitoki. Ndo maana hata stendi yako haikusaidia, inasukuma hewa ya chini iingie wakati mlango wa kutokea umezibwa.

Kwa hiyo zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri kabla hujagusa kingine chochote. Zuia panga la feni kwa kijiti cha mbao au kidole ndo upulize na kopo la hewa, maana ukiiacha izunguke ovyo kwa upepo wa kopo unaweza kuua beringi zake na feni yenyewe inaanza kuzalisha umeme. Pulizia kutokea upande wa nje kuja ndani ili lile blanketi lirudi lilikotoka, likichungulia livute na kibano. Vakyumu ya nyumbani usiisogeze karibu, umeme tuli wake unaweza kuua bodi kweli na wala hutasikia mlio.

Pima tena. Wengi safari yao inaishia hapa, kama joto limeshuka usiguse pesti, funga mashine kacheze.

Likigoma ndo twende kwenye pesti. Baada ya miaka inakauka na kusukumwa pembeni kila chipu inapopata moto na kupoa. Skrubu za kile chuma mara nyingi zina namba, zilegeze kidogokidogo kwa kurudi nyuma kutoka namba kubwa, wakati wa kukaza fuata namba zilivyo. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropyl ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, paka mpya kiasi cha kufunika chipu yote. Ukikuta dawa inang'aa kama fedha na inatiririka, simama hapohapo! Hiyo ni metali ya maji, inapitisha umeme, tone moja likidondokea bodi umekwisha. Hiyo mpelekee fundi mwenye uzoefu nayo.

Halafu kuna zile pedi laini zinazokaa juu ya memori za kadi. Usizibadilishe na pesti, kile kiuwazi pesti haiwezi kukijaza. Na ukibadilisha pedi unene lazima uwe uleule. Mimi niliwahi kuweka pedi nene kidogo nikijiona mjanja, kumbe zimekiinua chuma kikawa hakigusi chipu sawasawa, nikawasha joto likapanda kuliko nilivyoikuta, nikafungua mara ya pili usiku uleule huku nasonya.

Wakati unajipanga kufungua kuna vitu vya kuipunguzia mzigo leo leo. Kama skrini yako ni hezi 60, yaani inaonyesha picha 60 kwa sekunde, hakuna haja ya gemu kutoa fremu (picha) 140, zifunge kwenye 60 kwenye mipangilio ya gemu au ya draiva utashangaa kadi inavyotulia. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows ukiweka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99 badala ya 100, kwenye mashine nyingi ile turbo ya prosesa, yaani kasi yake ya ziada, inazimika, kasi inashuka kidogo ila joto linashuka sana. Wenye moyo wanatumia programu ya MSI Afterburner kuipunguzia kadi volti, inafanya kazi vizuri kabisa ila kuna laptopu zimefungwa hairuhusiwi. Na inyanyue nyuma, hata vifuniko viwili vya chupa vinatosha kuipa nafasi ya kupumua.

Haya, oveni. Hii habari haikutoka hewani. Mwezi Julai 2008 NVIDIA wenyewe walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinaharibika kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za kuunganishia chipu na kibao chake. Watu wakagundua ukiipasha moto inarudi, basi mtindo ukaenea. Inarudi kweli, kwa wiki au mwezi, halafu inakufa tena kwa sababu kiungo kilichopasuka hakijatengenezwa, kimeguswa tu. Wewe unataka kuoka bodi ambayo wala haijafa, uyeyushe soketi za plastiki, na moshi wake ubaki kwenye oveni mnayopikia chakula. Hapana.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi sichezi gemu, mambo yangu ni intaneti na kuandika tu, lakini laptopu inachemka na feni zinalia hata nikiwa sijafungua kitu. Nikifungua Task Manager nione nini kinaisumbua naona kila kitu kiko sifuri na feni zinatulia. Nikifunga, zinaanza tena. Ina majini?
Dada wa ofisini

JIBU: Marahaba dada. Majini hayana habari na Task Manager, ila virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali vinayo. Vingine vimeandikwa hivyo kabisa, vikiona umefungua Task Manager vinajificha, ukifunga vinaendelea kutumia prosesa au kadi yako kumtafutia mtu pesa. Kwa hiyo usitumie Task Manager kuvitega, washa HWiNFO uiache wazi uangalie asilimia za matumizi ya prosesa na kadi ukiwa hufanyi kitu. Ikikaa juu ya 90 wakati mashine imetulia, kata intaneti, halafu kwenye Windows Security chagua ile skani ya nje ya mtandao (Offline scan), mashine itajiwasha upya na kujikagua kabla Windows haijafunguka, hapo kirusi kinakuwa bado hakijaamka. Kabla ya hapo lakini angalia kitu kimoja rahisi, kama umechomeka skrini ya pili, kwenye laptopu nyingi ule mlango umeunganishwa moja kwa moja na ile kadi kubwa kwa hiyo haipati kulala hata ukiwa unaandika barua, chomoa waya uone kama feni zinanyamaza.