Waliniita Pikniki: chakula na kinywaji cha kubeba unapokimbia milimani

Tangu niweke picha za zile mbio za milimani za kilomita 50, swali linalokuja zaidi si la viatu wala la mazoezi. Ni la kile kifuko kinachoonekana kifuani mwangu karibu kila picha. Kina nini? Msomaji mmoja hakutaka hata salamu: “Kila nikifika saa ya tatu tumbo linagoma, hata jeli siwezi kumeza. Nitajie jeli bora niinunue.” (Jeli anayoisema ni ile sukari nzito ya pakiti ndogo ambayo wakimbiaji huinyonya njiani.)

Kifukoni mlikuwa na viazi. Vidogo, vimechemshwa na maganda yake, vikapoa, vikanyunyiziwa chumvi. Naombeni mnivumilie kabla ya ushauri, maana viazi hivi vina historia na historia yenyewe bado inanichoma.

Zamani nilikuwa nakimbia na kikundi. Watu wazuri, wenye mbio, wenye saa za gharama. Siku moja tulipanda kilima kirefu, nikasimama juu kidogo, nikatoa kiazi nikaanza kutafuna. Kiongozi wetu akaniangalia, akawageukia wenzake: “Huyu hakuja kukimbia, huyu yuko pikniki.” Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Jina likanigandia. Nikichelewa, “Pikniki yuko wapi?” Nikifungua mkoba, “Pikniki, leo kuna nini?” Nikaondoka bila kuaga, nikawa nakimbia peke yangu. Najua wengi wenu mna jina la namna hiyo mlilopewa na watu waliowatangulia, basi mtanielewa.

Turudi kwenye viazi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani waliwachukua waendesha baiskeli 12 wenye mazoezi, wakawapandisha baiskeli kwa saa mbili, kisha wakawapa kipande cha mwisho cha kushindana na saa. Siku moja walikula viazi vilivyopondwa, siku nyingine jeli za dukani, siku nyingine maji matupu. Kwenye kile kipande cha mwisho viazi na jeli vilitoka sare, na vyote viwili vikayashinda maji. Nilipousoma utafiti huo nilitamani kuuchapisha kwa herufi kubwa niubandike mlangoni kwa mtu fulani. Haki isemwe lakini: waliokula viazi walilalamika zaidi kujaa gesi tumboni, na fedha za utafiti zilitoka kwa taasisi ya watu wa viazi. Hilo silifichi.

Kwa nini ule hata kidogo? Mwili wa mtu mzima huhifadhi wanga kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwenye misuli, na karibu gramu 100 kwenye ini. Kila gramu ni kalori 4, kwa hiyo ghala lote ni kalori 2,000 na ushee. Kukimbia kunatumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita ya tambarare. Mtu wa kilo 70 akienda kilomita 50 anahitaji 3,500, na hapo milima bado haijahesabiwa. Mafuta ya mwili yapo tele, hata kwa mtu mwembamba, ila yanaungua polepole. Kadiri unavyokaza mwendo ndivyo mwili unavyoidai sukari.

Hapa ndipo mpanda mlima na mkimbiaji wanapoachana, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapowachanganya watu. Ukitembea kwa mwendo ambao bado unaweza kupiga soga, karanga, jibini, mkate wenye siagi ya karanga, vyote vinakufaa. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu, mzigo unakuwa mwepesi, na tumbo lina nafasi ya kuyashughulikia. Ukianza kukimbia mpando, damu inakimbilia kwenye misuli na kwenye ngozi, tumbo linabaki na kidogo. Karanga zile zile zilizokuwa tamu jana zinakaa humo kama mawe. Kwa hiyo mtu akiniuliza kitafunwa gani ni bora, nami namuuliza: kwa mwendo gani, na saa ya ngapi ya safari?

Kiasi sasa. Kwa safari ya kukimbia inayozidi saa moja, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinawatosha wengi. Jeli moja kwa kawaida ina gramu 20 hadi 30. Ndizi ya wastani ina kama 27. Kiazi cha gramu 150 kina karibu 30. Utumbo una mlango mmoja wa glukosi, ile sukari ambayo wanga hugeuka ukishameng'enywa, na mlango huo ukishapitisha kama gramu 60 kwa saa unajaa, foleni inaanza. Fruktosi, sukari ya matunda, inapita mlango wake. Ndiyo maana wanaoshindana kwa saa nyingi huchanganya aina hizo mbili na kufikia gramu 90 kwa saa, wengine hata zaidi. Sukari ya kawaida ya mezani ni nusu glukosi nusu fruktosi, na asali nayo ina zote mbili. Viazi ni wanga unaogeuka glukosi tu, basi mimi huvichanganya na tende, zenye fruktosi. Hiyo ndiyo siri yangu yote, wala haikuhitaji maabara.

Ila gramu 90 si za kuanza nazo kesho. Tumbo linafundishwa kama miguu inavyofundishwa. Anza na 30 kwenye mazoezi marefu, ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ule ukiwa unakimbia kweli, si ukiwa umesimama. Anayekula siku ya mbio peke yake analiomba tumbo msaada ambao hakuwahi kulizoeza.

Siku ya zile kilomita 50 tulianza kungali giza. Nusu saa tu baadaye nikala cha kwanza, wakati njaa haijabisha hodi. Wale wa kikundi changu cha zamani walikuwepo. Walinipita kwenye mpando wa kwanza, mmoja akasema “Pikniki!” kwa sauti ya furaha kabisa, nadhani hata hakumaanisha ubaya. Sikujibu. Nikatafuna. Sitawachosha na kilomita za katikati, zilikuwa matope na ukungu. Kwenye saa ya tano ndipo mambo yalipoanza kujionyesha. Saa ya tano kitu chochote kitamu kinatia kichefuchefu. Ulimi umechoka, mate ni mazito, harufu ya jeli ya matunda inakupandisha nyongo. Kwenye kituo cha maji nilimkuta mmoja wao ameinama, mikono magotini, anatapika. Chini palikuwa na chupa ya kinywaji cha michezo na jeli mbili zilizokwisha kunyonywa. Nilimpa maji na kiazi cha chumvi, akala nusu. Sikumcheka. (Moyoni nilitabasamu kidogo, sitadanganya.)

Na kile nilichokiona pale chini ndicho jibu langu kwa msomaji wa saa ya tatu, hata kama hakulitarajia. Tatizo huenda si jeli ipi, bali unaimeza na nini. Vinywaji vingi vya michezo vimeshatiwa wanga wa asilimia 6 hadi 8, yaani gramu 60 hadi 80 kwa lita. Ukisukumia juu yake jeli mbili, tumbo linapokea sharubati nzito ambayo haliwezi kuiachia mpaka ipunguzwe makali, na mwili unavuta maji yake wenyewe kuipunguza. Unajisikia umejaa huku una kiu. Jeli iende na maji matupu. Kinywaji chenye sukari kiende na kitu kikavu cha chumvi, au kiende peke yake. Ukilishika hilo moja tu, lililobaki halina uzito sana.

Soma na maandishi ya nyuma ya pakiti, siyo picha ya mbele ya yule mtu mwenye misuli aliyesimama kileleni. Nyuzinyuzi nyingi ni jambo jema mezani, mlimani zitakutafutia kichaka. Baa zilizoandikwa “bila sukari” mara nyingi zimetiwa sorbitoli au maltitoli, vitia utamu vya badala ya sukari, ambavyo huharisha watu wengi hata wakiwa wamekaa kwenye kiti. Kisha, bila sukari, unakula kwa ajili gani? Nguvu ndiyo sukari yenyewe!

Kwenye kunywa watu wana imani kali kuliko kwenye kula. Kuna wanaoamini kila tone la jasho lazima lirudishwe. Mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yale madini ya chumvi, ya chini kuliko inavyotakiwa, na wachache walikuwa kwenye hali ya hatari. Dalili iliyowatambulisha zaidi: kuongezeka uzito njiani. Yaani kunywa kupita jasho lililotoka. Maji yakizidi mwilini sodiamu inazimuliwa, seli zinavimba, na ubongo ukivimba mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mtu aliyevimba vidole, kichwa kinamgonga, anachanganyikiwa, usimlazimishe lita nyingine ya maji kwa huruma. Mpelekeni kwa wahudumu wa afya.

Na kiu je? Kiu ni kiongozi mzuri kuliko watu wanavyoipa heshima, hasa kwa mpanda mlima wa mwendo wa kawaida. Ila kama unataka namba, jipime. Panda mizani bila nguo kabla ya kukimbia na baada, ukishajifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja iliyotoka. Ongeza ulichokunywa, gawa kwa saa ulizokimbia. Aliyepungua kilo 0.8 na kunywa nusu lita kwa saa moja na nusu ametokwa na lita 1.3, yaani chini kidogo ya lita moja kwa saa. Fanya hivyo siku ya joto na siku ya baridi, utashangaa tofauti. Si lazima urudishe yote ukiwa njiani. Kumaliza ukiwa umepungua kidogo ni kawaida, kumaliza ukiwa umeongezeka ndiyo dalili mbaya.

Chumvi ya jasho nayo haifanani kwa watu. Wengine hutoa miligramu 200 za sodiamu kwa lita, wengine karibu 2,000. Kofia yako ikikauka na michirizi myeupe, wewe ni wa kundi la pili, na vidonge vyenye sodiamu kiduchu havitakutosha. Kinywaji ninachokunywa mimi nakitengeneza jikoni: lita moja ya maji, sukari gramu 60, chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu ya kukamuliwa. Robo kijiko hicho kina sodiamu kama miligramu 600. Wala si uzushi wangu. Mwaka 1965 Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walipowatengenezea wachezaji wa timu ya chuo kile kinywaji kilichokuja kuitwa Gatorade, msingi wake ulikuwa maji, sukari, chumvi na maji ya limau. Rangi za buluu zilikuja na biashara.

Kafeini inasaidia, nami huiweka kwa nusu ya pili ya safari, hasa usingizi unaponinyemelea. Hufika kileleni mwilini kati ya nusu saa na saa moja baada ya kumezwa, kwa hiyo usiingoje mpaka uwe umekwisha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni ziacheni nyumbani, jamani. Figo zako ziko kwenye upungufu wa maji na misuli inavunjika, wewe unaziongezea kazi. Watu wanazimeza kama pipi mstarini, na wazoefu wanaangalia tu bila kusema neno. Mimi nasema.

Juu sana, penye hewa nyepesi, hamu ya kula inapungua na maji yanatoka zaidi kwa kupumua. Hapo kula kwa saa, siyo kwa hamu: kengele ikilia, tia kitu mdomoni. Kwenye baridi kali baa zinakuwa ngumu mpaka zinahatarisha meno, kwa hiyo ziwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, na mrija wa maji upulizwe hewa baada ya kila funda ili maji yasigande ndani yake. Maji ya kijito yachemshwe dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Kuna jambo jingine nitalisema hata mkinuna. Ile kona ndogo ya jeli mnayoing'oa kwa meno na kuitema njiani naiona kila mahali, hata kwenye vilele ambavyo mnavipigia picha mkiandika mnavipenda. Usiing'oe mpaka mwisho. Iache ining'inie kwenye pakiti, kunja pakiti upande wa mdomo ukiwa ndani, tia kwenye mfuko wenye zipu, na mfuko huo usiwe ule wenye chakula, maana mabaki ya jeli yakigusa zipu unayoifungua kila nusu saa utakuwa na vidole vya kunata hadi mstari wa mwisho. Mimi chakula kinakaa kushoto, takataka kulia. Na maganda ya ndizi pia ni takataka, yanakaa milimani muda mrefu kuliko mnavyodhani.