Mfugaji atalipa, mpeni pa kulipia

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki mfugaji alipie malisho kwenye ardhi ya serikali, na mkatoa mfano wa yule mzee mfugaji wa Nevada kule Marekani, Cliven Bundy. Mimi nasema alipe. Nauza dawa za mifugo hapa Arusha, nimezaliwa bomani upande wa Monduli, na bado nasema alipe, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Huyo Bundy alikua na kibali cha kulisha kwenye ardhi ya serikali. Serikali ilipotaka kumpunguzia idadi ya ng'ombe ili kobe wa jangwani wapone akagoma, tangu 1993 hajalipa, mahakama ikamwambia atoe ng'ombe zake hakutoa, na 2014 serikali ilipokuja kukamata ng'ombe hao, watu wakajitokeza na bunduki mpaka ng'ombe kama 400 wakaachiwa. Deni lilishapita dola milioni 1. Na ada yenyewe mwaka ule ilikua dola 1.35 kwa mwezi, ng'ombe na ndama wake, yani kwa hela yetu ya leo haifiki hata elfu nne! Nilivosoma hapo nikaweka simu chini kwanza.

Mana mwaka juzi kiangazi kilipokaza baba yangu mdogo ng'ombe zake walivuka bikoni, yani alama za mpaka, wakaingia hifadhini, mchungaji ni kijana wa miaka 15 na majani yalikua upande ule tu, huku kwetu vumbi. Wakakamatwa 46. Faini laki moja kwa kila kichwa, piga hesabu mwenyewe. Nilienda nae siku ya tatu tukawakuta kwenye zizi la waya, hakuna maji, wale wenye ndama hawajakamuliwa chuchu zimevimba zinang'aa, na ndama walibaki nyumbani kwaio wanalia huku na kule wanalia. Baba mdogo anamjua kila mmoja kwa jina, akawa anaita mmoja mmoja pale kwenye waya, na wanageuka. Tuliuza 20 mnadani kwa bei ya kutupa ili tukomboe waliobaki, na wanne wakafia njiani.

Sasa mseme huyu nae ni Bundy? Bundy alikataa kibali cha elfu nne, baba mdogo hajawahi kuonyeshwa ofisi ya kuombea kibali. Kwetu ukishavuka bikoni ni kosa basi, iwe ng'ombe mmoja iwe mia, iwe mvua iwe ukame. Na bikoni zenyewe zinahama, Loliondo wilaya ya Ngorongoro 2022 zilipigwa kukata kilometa za mraba 1,500 ziwe hifadhi, serikali inasema ni mapito ya wanyama na vyanzo vya maji, wananchi wanasema ni ardhi ya vijiji kwa sheria ya 1999. Kesi ya ardhi hiyo ilisikilizwa hapa hapa mjini kwetu kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, wananchi wakashindwa 2022, alafu Novemba 2023 upande wa rufaa ukarudisha isikilizwe upya.

Wanaosema mfugaji hajui kutunza majani waje waone alalili, wazee wanatenga eneo la ndama na ng'ombe wanyonge na ukiingiza dume lako humo unatozwa faini na wazee na unalipa bila kubisha, kwa sababu tarehe ya kufungua inajulikana na kila mtu.

Kwaio ninachoomba ni kibali cha msimu. Mwezi wa sita kabla majani hayajaisha kijiji kiende ofisini, kiambiwe sehemu gani, ng'ombe wangapi, mpaka tarehe gani, kilipe kipewe risiti, na atakaezidisha ndio akamatwe. Baba mdogo alishaniambia, siku hicho kibali kikitoka anauza madume mawili asubuhi na mchana yuko dirishani analipa.