Usimhoji bibi sebuleni, mpeleke mtaani nyumba ingali imesimama

Mkuu, nimesoma ulichoandika chai ikanipoa mkononi. Bibi yako ana miaka 84, yuko Kigamboni kwa shangazi yako, nyumba yenu ya Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, imeshauzwa na inavunjwa mwezi ujao. Halafu unatuambia utamhoji Desemba ukipata likizo, kwa utulivu, sebuleni, na kwamba kuna mtu kakupa fomu nzuri ya maswali. Unauliza ununue kinasa sauti gani, picha za zamani uziskani wapi, na kama ufungue chaneli.

Fomu hiyo mpe muuza maandazi afungie. Nasema hivyo kwa sababu ninayo nyingine kama hiyo hapa kabatini, ina maswali 40, na ndiyo iliyonilia Kariakoo yote ya bibi yangu.

Mimi nililipa hela kuipata. Palikuwa na semina ya siku moja ya "kuhifadhi kumbukumbu za wazee". Mtaalamu kavaa skafu Dar es Salaam, mwezi wa pili, jua la saa sita. Pale tu ningejua. Akatuambia mzee akae pahala patulivu pasipo kelele, aulizwe kwa mpangilio kuanzia kuzaliwa, asiachwe "kutoka nje ya mada". Nikaandika kila neno kama mwanafunzi wa madrasa.

Basi Desemba 2015 nikamkalisha bibi kwenye kochi Mbagala, feni nimezima isilete kelele, tunatoka jasho wote wawili. Na nyumba ya Kariakoo, nisikilize vizuri hapa, ilikuwa BADO IMESIMAMA. Haina watu lakini imesimama. Ufunguo alikuwa nao baba mdogo.

Swali la kwanza, mwaka wa kuzaliwa. "Sijui, mwanangu, ilikuwa wakati wa vita." Swali la tatu, jina Kariakoo limetoka wapi. Jamani! Hilo si kila kitabu kinalo? Waingereza walipouchukua mji kwa Wajerumani mwaka 1916 wakaweka pale kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza. Hata mitaa ya Narung'ombe na Mahiwa imepewa majina ya mahali kule kusini palipopiganwa 1917. Hayo nayapata bila kumsumbua mwanamke wa Kindengereko aliyeletwa pale kama bi harusi kutoka Rufiji mwaka 1957. Yeye alikuwa na vitu ambavyo hakuna kitabu kinavyo, na mimi namuuliza mambo ya kitabuni.

Kwenye swali la tisa akaanza mwenyewe kusimulia mlango wa chumba cha mbele, kwamba ulikuwa na komeo la ndani na siku moja usiku… Nikamkatiza. Nilimwambia hivi, na sauti yangu ipo kwenye rekodi mpaka leo: "Bibi, hilo la nyumba tutalifikia swali la 27."

Hatukufika swali la 27. Kwenye la 14 alichoka akaenda kuswali. Swali la 12 lilikuwa "Je, ulishiriki harakati za uhuru?" Akajibu, "Nilikuwa napika." Nikaandika HAPANA. Nina saa mbili na dakika kumi za rekodi, na anayeongea zaidi humo ni mimi.

Nyumba ikavunjwa mwaka uliofuata. Wanunuzi hawakupoteza muda, bati na boriti zikashushwa, kuta zile za miti na udongo zilizopigwa lipu hazikuhitaji hata tingatinga kubwa.

Mwaka 2017 ndipo nikapata wazo la kumpeleka akaone mtaa. Tukachukua teksi. Mabasi ya mwendokasi yameshaanza kupita Msimbazi, barabara si ile aliyoiacha. Tukashuka. Pale ilipokuwa nyumba yetu kuna ghorofa la vioo vya bluu, chini fremu za kava za simu ambazo kilemba chake, ile hela ya kuachiwa fremu, kingeisomesha familia nzima. Bibi akageuka kushoto, akageuka kulia, akauliza, "Mwarobaini uko wapi?" Hakuna mwarobaini. Winga, wale vijana wa kuvutia wateja, akamdaka: "Bibi karibu, madera ya jumla yapo, unatafuta nini?" Bibi akamwambia, "Natafuta mlango wangu." Yule kijana, bila kucheka, "Ah, milango nenda Gerezani."

Nilicheka, nakiri. Yeye hakucheka. Alisimama katikati ya mikokoteni kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nikaanza kujilaumu kumleta.

Halafu akauona msikiti. Jengo jipya, ila mahali ni palepale. Akanishika mkono, akaanza kuhesabu milango kutoka pale, wa kwanza, wa pili, akasimama mbele ya fremu moja akasema, "Hapa ndipo kichwa cha kitanda changu." Na hapo mkuu, mlango wa kumbukumbu ukafunguka.

Aliipanga nyumba nzima kwa mkono hewani. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani jiko na choo. Chumba kwa chumba akataja wapangaji: kuli wa bandarini, fundi cherehani, mjane na wanawe wawili, nani alikuwa na deni la kodi, nani alikuwa anakwepa zamu ya kufagia ukumbi. Barazani alikaa muuza kahawa na deli lake, watu wakicheza bao na kugombana Yanga na Sunderland (ndiyo Simba hiyo, vijana). Mkabala duka la Mshihiri, Mwarabu wa Yemen, aliyekopesha mpaka mwisho wa mwezi na hakuandika popote, alikuwa anakariri.

Kisha akaelekeza kidole kwa jirani. Uani kwa nyumba ile kilikutana kikundi chao cha ngoma. Unajua vikundi vya ngoma ndivyo Bibi Titi Mohamed alivyovitumia kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichodai uhuru. Bibi yangu anasema wao kazi yao ilikuwa vitumbua vya wageni na kubeba kadi za chama kwenye ungo, zimefunikwa kitambaa, juu yake vitumbua, mpaka Mtaa wa Lumumba. "Si nilikwambia nilikuwa napika?"

HAPANA, niliandika mimi kwenye fomu.

Yote hayo dakika kama ishirini. Umeshajua ninachotaka kusema kuhusu rekodi? Simu sikuwa nayo. Niliiacha kwenye teksi makusudi, nikaogopa vibaka wa Kariakoo. Nilijiona mjanja. Komeo la mlango na kilichotokea usiku ule vilikuwemo pia, na katika makelele ya matangazo ya spika nilisikia nusu. Kulikuwa na polisi, kulikuwa na mtu chini ya kitanda. Basi.

Jioni nikamkalisha tena Mbagala na simu mkononi. "Bibi, hebu nirudie ile ya mlango." Akasema, "Nilishakwambia leo." Yu hai, alhamdulillahi, na kila Idi namuuliza na kila Idi jibu ni lile lile: nilishakwambia siku ile. Kurudi mjini hataki. "Kuna nini kule?"

Kwa hiyo mchukue bibi yako kabla ya tingatinga, mwingize mpaka chumbani, muweke kigoda alipokuwa anakaa kukuna nazi, na ufunge mdomo. Akigusa ukuta usimuulize anagusa nini, subiri. Akitoka nje ya mada mfuate. Kelele za mtaani ziache ziingie kwenye rekodi, ndizo zinazomkumbusha. Wako watakaokwambia mzee atachoka, au ataumia roho akiona vyumba vitupu. Ataumia, ndiyo. Wangu aliumia zaidi kukuta fremu ya kava.

Kama kuna jirani mmoja wa zamani bado yupo hai, nenda naye. Wakibishana wewe kaa kimya kabisa, wazee wawili wanaobishana nani alikuwa anaiba maji ya bomba ni bora kuliko semina kumi.

Kinasa sauti usinunue, simu yako inatosha, ila iwe MFUKONI MWAKO. Mimi siku hizi naiweka kwenye soksi. Mambo ya kuskani picha na chaneli wadau wengine watakujibu, nimeshasahau uliuliza nini tena.

Ufunguo anao nani? Kama ni mnunuzi, mpigie leo umwombe saa mbili tu. Nendeni Jumapili asubuhi mapema, kabla mitaa haijajaa, na mbebee bibi maji na kofia.