Maswali na majibu: ukingo wa mto, mpaka wa kiwanja na ukuta wa mawe

Kiwanja changu kipo Tanzania, kinapakana na mto. Mita 60 za kutojenga kando ya mto nianze kuzipima wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wengi hupima kiangazi, kuanzia pale maji yalipo siku hiyo, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Usichore ramani ya nyumba kabla Bodi ya Maji ya Bonde, yaani ofisi inayosimamia maji ya bonde la mto wako, haijakuonyesha mstari wa ukingo. Kenya walipita njia nyingine: kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka eneo la kuachwa wazi linalolingana na upana wa mto wenyewe, lisilopungua mita 6 wala kuzidi 30, kwa kufuata alama ya mafuriko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa. Hilo la mwisho nalipenda. Halimpi mwenye kiwanja nafasi ya kuchagua msimu.

Mpaka wangu ni mto, na mto umekula ardhi. Bado ni yangu?

Inategemea mto ulihama vipi. Katika nchi zilizorithi misingi ya sheria za Kiingereza, kanuni ya zamani ni kwamba mto ukisogea polepole, mpaka husogea nao. Ukiruka ghafla na kuchimba mkondo mpya, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Lakini hati ikitaja bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa na wapima, badala ya mto, hoja hubadilika. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa mapema, alama zikiwa bado zipo.

Ardhi yangu, pesa yangu. Kibali cha kujenga ukuta ukingoni cha nini?

Kwa sababu ya jirani yako. Maji yakigonga ukuta mgumu, nguvu yao huhamia chini ya ukuta na kwenye ncha zake. Chini huchimba msingi hadi ukuta unalala. Kwenye ncha hula udongo wa jirani, naye anajenga wake, na balaa linateremka na mto kiwanja kwa kiwanja. Mkaguzi anayeuliza ukuta wako unaishia wapi hakusumbui.

Jambo jingine: kuta nyingi huanguka mafuriko yakiwa yameshapita. Mto ukijaa, udongo wa ukingo hulowa, lakini maji yaliyo nje yanauegemeza. Yakishuka haraka, egemeo limeondoka na udongo bado ni mzito wa maji, kwa hiyo unausukuma ukuta kutoka nyuma. Ndiyo maana mchoro mzuri huwa na matundu ya kutolea maji, na nyuma ya ukuta kokoto au kitambaa cha kuchujia. Gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, hupitisha maji na hujipinda kidogo bila kupasuka. Zikilazwa tu juu ya mchanga, bila kuchimbiwa chini ya kina ambacho mto hufika ukichimba, nazo zitakwenda.

Waholanzi, ambao hakuna wa kuwafundisha ujenzi wa matuta ya kuzuia mafuriko, kwenye mji wao wa Nijmegen waliamua kurudisha tuta nyuma mita 350 na kuuongezea mto Waal mkondo wa pili. Nyumba zilibomolewa ili mto upate nafasi. Umbali wa kisheria unafanya kazi hiyo hiyo, tena bila kubomoa, ukiheshimiwa tangu mwanzo.

Jirani anamwaga kifusi na matairi ukingoni. Inasaidia?

Hapana. Matairi yataondoka na mafuriko yajayo, na kifusi kisichopangwa huusukuma mkondo kuelekea ng'ambo. Toa taarifa sasa, rundo likiwa bado dogo.

Nipande nini ukingoni?

Kwanza usifyeke kilichopo. Matete ya asili yanafaa. Vetiva pia, aina ya nyasi, maana mizizi yake hushuka wima, mara nyingi mita 2 hadi 3. Migomba haishiki ukingo. Mti mkubwa usikae kwenye mdomo wa ukingo uliosimama wima, ukianguka utang'oka na ukingo wenyewe. Kwenye upande wa nje wa kona, ambako mto huchimba chini ya maji, mimea peke yake haitoshi: weka mawe chini, mimea juu. Na panda mvua za kwanza zinapoanza, mizizi ishike kabla mto haujajaa.