Uliza Mwalimu wa Michezo: Nina kilo 104 na sentimita 174, kwenye ulinzi nikae wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, kazi yangu ni kupakia mbao hapa Mafinga. Usiku nafuatilia futiboli ya Kimarekani kwenye simu. Wenzangu wanampenda anayerusha mpira, mimi macho yangu yako kwa wanaozuia. Shida ni kwamba sijajua nani anafanya nini, naona watu 11 wanagongana tu. Halafu nina kilo 104 na urefu wa sentimita 174. Rafiki yangu anasema kwa kimo hiki ningebeba maji ya wachezaji. Ni kweli?
Mpakiaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na nitakutajia mtu wa karibu kimo chako hichohicho. Subiri kidogo.

Kwanza ujue wanazuia nini. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9 hivi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo mlinzi hahitaji kumnyang'anya mtu mpira kila mara. Akiwabana wasipate zaidi ya yadi mbili mbili, kazi imefanyika. Ukitazama mchezo kwa hesabu hiyo, kugongana kunaanza kuwa na maana.

Mbele kabisa wako watu wa mstari, wale wanaoinama mkono mmoja ukiwa chini. Mara nyingi ni wanne, timu nyingine huweka watatu. Wa katikati ndio wazito kuliko wote. Kazi yao ni kusimama kama kisiki, kila mmoja ashughulikiwe na wapinzani wawili ili wenzake wa nyuma wabaki huru. Hapo uzito ni mali, lakini uzito ulio juu hauna faida. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Ubao mrefu wa mbili kwa sita, mbichi, uliolowa mvua, huuinui ukiwa umesimama wima. Unashusha nyonga, mgongo unanyooka, kisha miguu ndiyo inasukuma. Mtu wa mstari anaishi kwa kanuni hiyohiyo: mabega yake yakiwa chini ya mabega ya mpinzani, mpinzani anarudi nyuma hata kama amemzidi kilo 20. Aaron Donald, aliyecheza timu ya Rams, alikuwa na sentimita 185 na kilo 127, mdogo kwa nafasi ile, na bado alichaguliwa mara tatu kuwa mlinzi bora wa mwaka katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu huko Marekani.

Wa pembeni mwa mstari huitwa endi. Hao wawe na mikono mirefu na hatua ya kwanza ya haraka, maana ndio wanaomwinda kwotabeki, yule mrushaji. Lakini wana wajibu mwingine ambao watazamaji wengi hawauoni: mpira usipite nje yao. Endi akivutwa ndani na mkimbiaji akazunguka pembeni, mbele kunabaki uwanja mtupu.

Nyuma ya mstari wako lainibeka. Hapa, kijana wangu, ndipo ninapokuona wewe. Fikiria kiungo mkabaji wa soka: yuko katikati, anasoma mpira unakwenda wapi, anaziba, anasukuma wenzake kwa sauti. Lainibeka wa kati ndiye anayepanga safu kabla mpira haujaanza. Tangu 2008 ligi ya NFL inaruhusu mlinzi mmoja kusikia maagizo ya kocha kwa redio iliyomo ndani ya kofia, na mara nyingi mlinzi huyo ni yeye. Ukiangalia vizuri utaona kidoti cha kijani nyuma ya kofia yake.

Sasa yule mtu niliyekuahidi. Anaitwa Sam Mills. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 9, yaani sentimita 175. Timu mbili zilimwacha, akaenda kufundisha sekondari huko New Jersey, upigaji picha na useremala, huku akisaidia kunoa timu ya shule. Baadaye akapata nafasi, akacheza lainibeka katika timu ya New Orleans kisha ya Carolina, hadi 1997. Alifariki 2005, na mwaka 2022 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Kimo chake hakikuongezeka hata inchi moja. Alijua mchezo unakoelekea kabla wenye mpira hawajafika, na kwa kuwa alikuwa chini, waliomkaba hawakupata mahali pa kumshika.

Walio nyuma kabisa nitawapitia haraka, kwa kuwa kuna binti hapo chini ameuliza habari zao. Kona wako pembeni, wanawakaba wapokeaji mtu kwa mtu au kwa eneo. Sefti wawili wako nyuma ya wote, kama beki wa mwisho. Timu ikijua mrushaji atarusha, humtoa lainibeka mmoja na kumwingiza beki wa tano.

Lakini nafasi si kimo wala kilo, na hili ndilo nililotaka ulishike. Mwaka 1997 nilikuwa nafundisha sekondari moja huko Mufindi. Alikuja kijana wa kujitolea kutoka Marekani kufundisha hisabati, na ndani ya begi lake mlikuwa na mpira wa ngozi uliochongoka ncha zote mbili. Asubuhi za Julai, sakitu ikiwa bado juu ya nyasi, tulichora mistari kwa majivu ya jiko la shule. Alinisimamisha nyuma ya wanafunzi wanne wa mstari, akanionyesha mwanya kati ya wawili wa kulia. Huu ni wako, akasema, usiuache hata ukiona mpira unakwenda kwingine.

Mpira ulipoanza ulielekea kushoto. Nikaukimbilia kwa nguvu zangu zote. Mkimbiaji, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akasimama, akageuka, akapita palepale nilipokuwa. Nilipotazama nyuma, majivu niliyoyatimua yalikuwa hayajatulia chini. Yule kijana hakunikemea. Alichukua kopo, akachora duara dogo kunizunguka miguu, akaniambia hapa pameandikwa jina lako. Tulirudia zoezi lile wiki nzima. Siku ya nne mpira ukaenda kushoto, nikabaki, na mkimbiaji alipogeuka alinikuta nimesimama.

Tangu siku ile, nikiutazama mchezo huu usiku nikiwa hapa Kihesa na blanketi mabegani, simtazami mwenye mpira. Namtazama mlinzi ambaye mpira umempita mbali, nione kama ameuacha mwanya wake. Nawe jaribu hivyo. Chagua lainibeka mmoja, umfuate yeye tu kwa robo nzima ya mchezo. Na kwa mwili wako, zoea kukimbia hatua kumi za pembeni bila kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine, nyonga zikiwa chini kama unapopokea mbao kwenye lori.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Tukuyu. Nakimbia mita 100 na 200, mwili wangu ni mdogo. Nasikia mchezo huu utakuwepo Olimpiki. Wasichana wamo? Na mdogo kama mimi anazuiaje?
Binti, Tukuyu

JIBU: Marahaba binti yangu. Wamo, tena wana mashindano yao kamili. Mwaka 2023 kamati ya Olimpiki iliupitisha kwa ajili ya Los Angeles 2028, lakini ni ule wa vitambaa, wachezaji watano kwa watano. Hakuna kuangushana. Kila mchezaji ana vitambaa vinavyoning'inia kiunoni, na ukichomoa kimoja cha mwenye mpira, hapo ndipo anapoishia.

Mwili wako hauna tatizo lolote. Mlinzi huruhusiwa kumkimbilia mrushaji, akianzia yadi 7 kutoka mstari mpira unapoanzia, na kwa mkimbiaji wa mita 100 hiyo ni nafasi ya dhahabu. Ila ningependa ujifunze kona. Mwanariadha amezoea kwenda mbele tu. Kona anaanza kwa kurudi kinyumenyume, kifua kikiwa mbele ya vidole vya miguu, kisha anageuza nyonga na kukimbia bega kwa bega na mpokeaji. Katika kugeuka huko ndipo wenye kasi wengi wanapoachwa. Na macho yako yasimame kwenye kiuno cha mpinzani. Kichwa kinapiga chenga, mabega yanapiga chenga, miguu pia. Kiuno kinakwenda anakokwenda mwenyewe. Huko kwenu milima ni mingi, kwa hiyo tafuta mahali tambarare na pakavu kabla hujaanza kurudi kinyumenyume.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa miaka 13 na wenzake wameanza kuuigiza mchezo huu uwanjani, wanavamiana kwa vichwa. Nimzuie?
Mama, Njombe

JIBU: Mama, vichwa vizuie leo hiihii. Hata kofia ngumu za wakubwa zinalinda fuvu, hazizuii ubongo kutikisika ndani. Anayeinamisha kichwa wakati wa kumkamata mtu anaweza kuumiza shingo yake mwenyewe vibaya sana. Akigongwa kisha akalalamika kizunguzungu, kutapika au usingizi usio wa kawaida, asirudi uwanjani, mpeleke hospitali.

Mchezo wenyewe usimnyime. Wacheze wa vitambaa. Chana kitenge chakavu vipande vya urefu wa mkono, kila mtoto achomeke viwili kwenye mkanda, kimoja kila upande. Wasivifunge fundo, viwe vinachomoka kwa kuvutwa mara moja.